Kisu Kirefu Hakimjui Kware

Karibu na geti la forodha la Busia, upande wa Kenya, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka, wauza visu hutandaza bidhaa zao juu ya turubai. Visu ni virefu, vina mipini myeusi ya plastiki, na vinang'aa hata ukajiona meno. Muuzaji hachoki kunadi. "Kastoma, hiki hakishiki kutu maisha! Mbuta kinakata, mbuzi kinakata, kuku usiseme. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama!" Ukimwuliza kama anacho kidogo, cha kusafishia ngege na ndege, atakutazama kwa huruma. "Mzee, kidogo ni cha viazi. Utanunuaje viwili na kimoja kinamaliza kazi zote?"

Hoja hiyo si yake peke yake. Nimeisikia sokoni Tororo, nimeisikia kwa wapishi wa hoteli za Malaba, nimeisikia hata kwa walimu wenzangu ambao darasani hufundisha watoto kupima kabla ya kukata. Imekuwa kama imani. Kisu bora ni kirefu, wanasema, kwa kuwa kirefu hufanya kazi ya kifupi na kifupi hakiwezi ya kirefu. Tena kiwe cha chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa kutu ni uchafu. Anayetafuta kisu kidogo huhesabiwa kuwa anacheza, na anayekwenda kutafuta kisu kwa fundi wa jua kali huhesabiwa kuwa kaishiwa.

Mimi naipinga imani hiyo kutoka ncha hadi mpini. Kwa kazi ya kusafisha samaki wa kawaida na ndege wadogo, urefu ni kasoro, na mng'ao ule wa bei rahisi ni hasara juu ya hasara. Kisu cha kazi hii kina vipimo viwili tu: kidole chako cha shahada na kinoo chako. Kikiuzidi mno urefu wa kidole, huwezi kukiongoza. Kikikikataa kinoo, kimekufa mwezi wa kwanza, hata kama kitang'aa miaka kumi.

Shahidi wangu wa kwanza ni kware. Simleti kwa mapenzi ya uwindaji. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na anayekatiza mpaka na kanga pori mkobani anakatiza na kesi. Namleta kwa sababu hakuna ndege anayeumbua kisu kama yeye. Waluhya humwita isindu, Waluo humwita aluru. Wategaji wa Busia na Siaya humweka dume kwenye kikapu kidogo, vikapu vikatundikwa juu ya mti mrefu uliosimikwa shambani, madume yakalia alfajiri, na kware wapitao wakashuka nyasini wakakutana na vitanzi. Huyo kware wa porini ana uzito wa gramu 80 hivi, na kutoka mdomo hadi mkia hazidi sana sentimita 18. Sasa rudi kwenye turubai la getini. Bapa la kile kisu kinachosifiwa lina sentimita 20. Umeshika kitu kirefu kuliko ndege mzima, na unataka kukipenyeza kwenye tundu lisilotosha kidole gumba.

Wanaosema kirefu hufanya kazi ya kifupi hawajajaribu. Mkono uko mwisho mmoja, ncha iko mwisho wa pili, na katikati kuna sentimita 20 za chuma zisizofanya kazi yoyote. Kiganja kikitikisika kidogo nyuma, ncha hutikisika sana mbele. Na ndani ya kware kila kitu kimebanana na kingine: utumbo, ini, na kile kifuko kidogo cha nyongo ambacho hakikusamehe. Ukikitoboa, maji ya kijani yanatapakaa nyamani, na uoshe utakavyoosha, uchungu umekwisha kuingia.

Wengi waliujua ukweli huu mwaka 2014, na waliujua kwa machozi. Mwaka mmoja nyuma homa ya kware ilikuwa imeshika Kenya. Mayai yake yalisifiwa kuwa dawa ya kila ugonjwa, bei zikapaa, watu wakapanga foleni kuomba leseni za kumfuga kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kisha soko likaporomoka. Mayai hayakuwa na mnunuzi, ndege walikuwa wanaendelea kula, na wafugaji wakabaki kuwafanya kitoweo. Kware wa kufugwa ni mnene kuliko yule wa porini, lakini hata yeye anatoshea kiganjani. Aliyekaa chini na ndege thelathini na kisu cha kukatia mbuzi alinyanyuka na vidole vilivyofungwa vitambaa.

Mlete ngege sasa, shahidi wa pili. Utumbo wake umejikunja tele, mara kadhaa ya urefu wa mwili wake, kwa kuwa sehemu kubwa ya chakula chake ni mwani. Tumbo limejaa mpaka pomoni na ngozi yake ni nyembamba. Fundi wa kusafisha huanzia kwenye tundu la haja, makali yakitazama juu, akapandisha kuelekea kooni, na muda wote ncha inatembea milimita chache tu chini ya ngozi. Anawezaje kuujua urefu huo mdogo? Hauoni. Anauhisi kwa kidole cha shahada alichokilaza juu ya mgongo wa kisu, kimekaribia ncha. Kidole ndicho jicho. Kisu kikiwa kirefu, kidole hakifiki, na aliyekishika anafanya kazi akiwa kipofu. Basi anatoboa utumbo, anatumbua nyongo, halafu analaumu samaki kuwa ana harufu ya matope.

Kwa kuku mambo ni yaleyale, ila hapa kuna na heshima. Kuku wa kienyeji, ingokho wa Waluhya, hakatwi ovyo kama kuni. Kila kipande kina mwenyewe. Firigisi, imondo, huwekewa mwenye nyumba au mgeni wa heshima, na ndoa zimeyumba kwa firigisi iliyopotea jikoni. Kwa hiyo kuku anatenganishwa kwenye viungo: unalikunja paja mpaka kifundo kijionyeshe, ncha inaingia katikati ya mifupa miwili, inakata kano, paja linajiachia lenyewe. Kazi hiyo haihitaji nguvu wala uzito; inahitaji ncha inayojua inakokwenda. Mwenye kisu kizito hana subira ya kutafuta kiungo. Anapiga mfupa katikati, na mgeni anatafuna vigae mchuzini huku akitabasamu kwa adabu.

Na hiyo firigisi yenyewe, kaisafishe kwa kisu kirefu tuone. Inapasuliwa upande mmoja tu, kwenye nyama nene, mpaka makali yaguse utando wa njano. Hapo unasimama. Unaifungua kama kitabu, unaubandua utando pamoja na changarawe zake. Ukizidisha kidogo, umetoboa utando na changarawe imeingia nyamani, na mwenye nyumba atauliza kwa jino lililovunjika.

Sasa nauliza: urefu huu tuliuazima wapi? Bibi zetu hawakuwa na visu vya sentimita 20 jikoni. Jibu liko ziwani. Mbuta aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Katika miaka ya 1980 vikafunguliwa viwanda vya kuchuna minofu ya mbuta kwa ajili ya Ulaya, na kiwandani kisu kirefu, chembamba, chenye kupinda kina haki yake. Mbuta ni samaki mkubwa. Kisu kinalala juu ya uti wa mgongo, kinateleza kutoka kichwa hadi mkia, mnofu mzima unatoka kwa mkupuo mmoja. Biashara ilikuwa kubwa hivi kwamba Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1990, nchi tatu zilitetemeka.

Lakini kumbuka sisi tulibaki na nini. Tulibaki na kichwa, mkia na mifupa katikati, tukavipa jina lenye kejeli yake: mgongo wazi. Mama akanunua mgongo wazi, akaukaanga, watoto wakachokonoa nyama iliyosahauliwa na kisu. Kisu kile kiliundwa ili mnofu uondoke na mfupa ubaki kwetu. Leo mtu anayepika ngege mzima, na kichwa chake, na macho yake, amechanjwa mbavuni apate kuiva na kuingia chumvi, anakwenda getini kununua kisu cha kutolea minofu. Minofu ya nani? Sisi samaki tunamla na mfupa wake, na kichwa tunagombania.

Asije mtu akaniambia kuwa kisu kidogo ni ushamba wa mpakani. Mwaka 1884 Mmarekani George Washington Sears, aliyeandika kwa jina la Nessmuk, alichapisha kitabu chake kuhusu maisha ya porini, akavishambulia visu vinene vya uwindaji vilivyokuwa fahari ya wakati wake. Yeye alitaka kisu chembamba, chepesi. Mpaka leo mafundi wa Marekani na Uingereza wana aina maalumu ya kisu kinachoitwa kwa majina ya ndege na samaki, na bapa lake mara nyingi huwa kati ya sentimita 7 na 10. Watu wenye misitu, mito na bunduki za kutosha waliona kwamba kwa kazi hii kidogo kinashinda.

Nageukia mng'ao, maana hapa ndipo wapinzani wangu hujiona wameshinda. "Kisu chako cha chuma cheusi kitashika kutu," wananiambia. Ni kweli, kitashika. Nami nauliza: kutu na ubutu, kipi kinachoharibu chakula?

Chuma kisichoshika kutu kilitengenezwa na Harry Brearley huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Siri yake ni kromiamu, angalau asilimia 10.5 ya chuma chenyewe. Alipopendekeza kitengenezewe visu, mafundi wa mji uleule walimdhihaki kuwa amevumbua kisu kisichokata. Baadaye walijifunza kukipa ugumu wake, na leo kuna visu vya aina hiyo vya kuaminika, vikiwemo vya Mora kutoka Sweden, vinavyotumiwa na wavuvi wa baharini. Hivyo sina ugomvi na chuma hicho kikiwa kimetiwa matiko vizuri. Nina ugomvi na kile kinachouzwa getini, ambacho ni bati lililokatwa kwa mashine, likang'arishwa, likavikwa plastiki. Mafundi hupima ugumu kwa kipimo cha Rockwell: kisu kizuri huwa kati ya 56 na 60, na vile laini hushuka hadi 52 au chini yake. Kisu laini kikigusa mapezi na mifupa ya ngege watatu, makali yanajikunja pembeni. Ukikipeleka kwenye kinoo, chuma kinajikusanya kama ukingo wa kopo, unaudhani ni ukali, na kwa samaki wa pili umekwisha.

Kisu cha namna hiyo ni hatari kuliko kile chenye kutu kidogo. Kisu butu kinataka nguvu, na mkono uliotia nguvu juu ya samaki anayeteleza hauna breki. Mtu hakatwi na kisu kikali mara nyingi kama anavyokatwa na kile alichokisukuma.

Kuhusu kutu yenyewe, hofu hii ni ya pwani, imepanda gari moshi na wageni. Mombasa chumvi iko hewani, na msumari mpya huliwa kabla haujapigiliwa. Sisi ziwa letu ni la maji baridi. Sio Port, Majanji, Port Victoria, samaki anatoka kwenye maji ambayo watu wanayanywa. Kisu cha chuma cheusi kikioshwa, kikafutwa kwa kitambaa kikavu, kikapakwa tone la mafuta ya kupikia, kinakaa miaka. Kitageuka rangi, ndiyo. Kitakuwa cha kijivu, kisha cheusi-cheusi, na hiyo rangi ni ngozi inayokisaidia kuizuia kutu nyekundu. Kikikata ndimu kitaacha ladha ya chuma. Basi ndimu ikate kwa kingine. Anayekilaza ndani ya beseni la maji usiku kucha hatapata kisu cha kumfaa, cha chuma chochote.

Na tusijifanye kama ambao chuma tumekiona juzi. Wasamia, wanaoishi pande zote mbili za mpaka huu, walikuwa wayeyushaji wa chuma na wahunzi mashuhuri. Majembe yao yalifika Busoga na nchi ya Waluo kabla ya kuwepo geti wala forodha. Majembe ya meli yakaja kwa bei ya kutupa, tanuri zikazimika. Hadithi ya majembe inajirudia leo kwa visu: cha mbali kinang'aa, cha jirani kinaonekana kama takataka, na ujuzi unakufa kwa kukosa mnunuzi.

Lakini siwezi kumtetea kila fundi wa jua kali. Wengine ni wezi wa mchana. Springi ya gari ni chuma kizuri, kina kaboni karibu asilimia 0.6, lakini fundi asiyejua matiko anaigonga, anaichonga kwa jiwe la umeme, anaiuza laini kama alivyoitoa motoni. Mwulize: umekitia matiko kwa nini, kwa maji au kwa mafuta? Baada ya kukizimisha ulikirudisha kwenye moto mdogo? Anayejua kazi atakujibu kabla hujamaliza kuuliza, na huenda akaanza kukulalamikia kuhusu maji yanavyopasua chuma. Asiyejua atakuambia bei. Mimi nimewahi kununua kutoka kwa wa pili, kwa haraka zangu, na kisu kikapinda ndani ya shingo ya kuku. Nilistahili.

Tahadhari hiyohiyo na wanoaji wanaopita na baiskeli zilizofungwa jiwe la kuzunguka. Mji huu una deni kwa baiskeli. Wengi husimulia kuwa hata neno boda boda lilizaliwa hapa, waendeshaji walipowaita abiria wa kuvushwa kutoka mpaka hadi mpaka. Ila jiwe linalozunguka kasi linapasha chuma moto. Ukiona makali yamegeuka rangi ya buluu, chuma kimefika nyuzi joto 300 hivi na ugumu wake umeondoka. Cheche zinafurahisha macho ya mwenye kisu huku zikikila kisu chake. Kinoo cha mkononi na maji kidogo, dakika tano kila jioni, kinashinda baiskeli hiyo, na kisu chembamba cha chuma cheusi kinarudi makali kwa mapigo machache. Hapo ndipo methali ya muuzaji inapomgeuka mwenyewe. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, sawa. Mbona yeye anauza kisu kilichokuwa kikali siku ya kununuliwa tu?

Hoja yao iliyobaki ina uzito, nami nitaipa nafasi yake. Wanasema: nenda sokoni ukawatazame akina mama wauza samaki. Hao wamesafisha samaki wengi kuliko utakaowala maisha yako yote, na mkononi wana nini? Panga na kisu kirefu.

Nilikwenda. Si mara moja, maana soko la samaki la Busia ni njia yangu ya nyumbani. Ni kweli, panga lipo. Linapasua kichwa cha mbuta, linakata kamongo vipande, linavunja miiba ya okoko inayojifunga wima kama msumari. Kwa kazi hizo panga ni halali na sitaki kumwona mtu akihangaika na kisu kidogo juu ya kichwa cha mbuta. Magamba nayo hayaparuliwi kwa kisu chochote. Yanaparuliwa kwa kipande cha ubao kilichopigiliwa vifuniko vya soda, chombo cha bure kinachoshinda vyote vya dukani. Kwa hiyo hata sokoni hakuna kisu kimoja kinachomaliza kazi zote. Imani ya muuzaji wa getini inavunjwa mbele ya macho ya wateja wake kila asubuhi.

Nikatazama mkono wa mama mmoja alipofika kwenye tumbo la ngege. Panga aliliweka chini. Kutoka chini ya gunia akatoa kisu ambacho mwanzoni nilidhani kimevunjika. Kilikuwa kifupi, chembamba kama jani la mwembe, mpini umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kidole chake cha shahada kikalala juu ya mgongo wa kisu, ncha ikaingia, ikapanda, tumbo likafunguka, matumbo yakatoka yote pamoja na nyongo nzima haijaguswa. Sekunde chache.

"Mama, hicho kisu ulikinunua wapi?" nikamwuliza.

Akacheka. "Mwalimu, hiki hakikununuliwa hivi. Kilikuwa kirefu kama hicho," akaonyesha kwa kidevu kile kingine kilichokuwa kinang'aa juu ya meza. "Nimekinoa. Miaka."

Hapo hoja yao ikaniangukia mikononi ikiwa imekwisha kusafishwa. Wanaotaja akina mama wa sokoni kama ushahidi wa kisu kirefu wameangalia meza, hawakuangalia mkono. Yule mama alianza na kile kilichouzwa, na kila siku kinoo kilikuwa kikimwondolea sehemu asiyoihitaji, mpaka kikabaki kile kinachotosha. Uzoefu wake umekuwa ukikipunguza kisu muda wote huo. Sisi tunaweza kuanzia pale alipofikia yeye.

Basi ukienda kuchagua, peleka kidole chako. Bapa liwe na sentimita 8 hadi 10, ukishika mpini kidole cha shahada kilale juu ya mgongo wa kisu kikaribie ncha. Upana usizidi sentimita 2, na mgongo wa kisu uwe mwembamba, milimita 2 au pungufu. Kisu kinene kinapasua kama shoka. Ncha isipinde juu sana, iwe karibu na mstari wa kidole ili ujue ilipo bila kuiona. Cha kukunja kiache: ute wa samaki na damu ya ndege huingia kwenye bawaba na hakuna sabuni inayofika huko. Msuka uingie ndani ya mpini mpaka mwisho wake, usiishie katikati kama jino la bandia. Mpini wa mti ukiteleza, fundi wa baiskeli ana tyubu chakavu za kuuvika.

Kuhusu chuma, usimsikilize mtu, kisikilize kisu. Gusa pembeni ya bapa kwa tupa ndogo: ikiuma kama imeingia kwenye sabuni, ondoka. Kisha mwombe muuzaji kipande cha kamba ya katani, uikate mara ishirini, na baada ya hapo uyaweke makali juu ya ukucha wa kidole gumba bila kuyasukuma. Yakinasa, bado yapo. Yakiteleza, umejua kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikataa jaribio hilo, amekwisha kukujibu.

Na kama bado unaamini kirefu ndicho bora, fanya jambo moja la mwisho, halitakugharimu kitu. Nenda sokoni Busia, au Tororo, au ufukweni Sio Port saa mitumbwi inapoingia. Mtafute mama aliyezeeka kwenye kazi hiyo, umsalimie kwa heshima, umwombe akuazime kisu usafishe samaki wako mwenyewe. Atakuazima bila shaka, watu wa huku si wachoyo. Atakupa kile kirefu. Kile kifupi atakisukuma chini ya gunia, akae juu yake.